Laptop Kutoka Kasumbalesa

Moustapha alikisikia kicheko cha mke wake kabla hajamwona mwenyewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa ameacha lori kwenye uwanja wa tajiri wake baada ya siku tatu za barabara ya mpakani Kasumbalesa, unga wa mahindi umemjaa mpaka kwenye nyusi, na kichwani hakuwa na jingine ila maji ya kuoga na sahani ya bukari, ugali wa kwao. Akapita njia ya stesheni ili afike nyumbani haraka. Ndipo kicheko kikamfikia kutoka kwenye mlango ulio wazi wa duka la kompyuta. Kilianza chini kooni, kikapanda polepole, kikafunguka. Miguu yake ikasimama, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya laptop, kitambaa chake cha manjano kichwani. Nyuma yake alisimama mwanaume mwembamba mwenye miwani na viatu vyeupe. Vyeupe kabisa, katika mji ambao vumbi humpaka kila mtu rangi moja kabla ya saa mbili! Mwanaume akainama, akanyoosha kidole kupitia juu ya bega la Zuhura, akabonyeza kitu. Zuhura naye akabonyeza. Wakacheka tena, wote wawili.

Hakumgusa. Moustapha aliliona hilo vizuri, kwa sababu hakuwa akitazama kingine. Lakini kati ya mkono wa yule mtu na shavu la mke wake palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja tu.

Angeweza kuingia. Alikuwa mume wa miaka tisa, nani angemzuia? Badala yake akavuka barabara na kupita upande wa pili, uso ameugeuzia ukutani kama mwizi.

Nyumbani kwao, mtaa wa Kikula, alimkuta dada yake mkubwa, Mwamini, amekaa kibarazani akichambua sombe, majani ya muhogo. Tangu mama yao afariki, Mwamini ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho katika ukoo, na sauti yenyewe haikuwa ndogo.

"Muke yako hayuko," alisema bila kuinua macho. "Alienda kuangalia mashini ya université. Leo siku ya tatu. Mashini gani hiyo inaangaliwa siku tatu?"

"Anachagua, yaya," alimjibu dada yake.

"Anachagua nini? Mashini ao muntu?" Mwamini akatupa bua la jani. "Mwanamuke iko na bwana, iko na mutoto, masomo ya nini tena?"

"Nilimuahidi."

"Ulimuahidi ukiwa kijana. Kijana anasema mengi."

Moustapha akaingia ndani. Ahadi ilikuwa ya kweli. Miaka tisa nyuma, Zuhura alikuwa na diploma ya taifa ya kumaliza sekondari yenye asilimia sabini na moja, na baba yake alikataa kupokea posa mpaka kijana huyu wa malori aseme mbele ya wazee kwamba mke wake atasoma. Alisema. Siku ile angeahidi hata mwezi.

Zuhura alirudi baada ya nusu saa, uso umechangamka.

"Umefika! Juu ya nini haukupiga simu? Ningekuwa nimeshapika."

"Ulikuwa wapi?"

Alitaka kuona kama atadanganya.

"Kwa Samy," Zuhura akajibu palepale, huku akivua viatu. "Ule tulisomaka naye. Sasa anauzisha mashini pale karibu na stesheni. Baba Riziki, ungeona! Université inataka mashini ya kubeba programu ya kuchora mitambo ya kiwanda. Samy anasema nisichukue hizi mupya za kung'aa, hazina nguvu. Samy anasema bora ile nzito, ilitumika Ulaya, lakini iko na nguvu ndani."

"Samy anasema."

"Eh, Samy anasema hata batri yake..."

"Ni muzuri?"

"Ile mashini?"

"Huyo Samy."

Zuhura akasimama na kiatu kimoja mkononi. Akamtazama, tabasamu likianza upande mmoja wa mdomo.

"Baba Riziki, uko na wivu?"

"Minye? Wivu ya nini? Niletee maji nioge."

Walipokula, Moustapha aliinamia sahani. Alikuwa akihesabu. Kabla bukari haijaisha, mke wake alikuwa amesema "Samy anasema" mara nne. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akimwambia mtu yeyote "Moustapha anasema." Hakukumbuka.

Juma lililofuata, Kasumbalesa, wakati wenzake wakisubiri karatasi za forodha, Moustapha aliingia kwenye duka la mfanyabiashara aliyeleta vitu kutoka Zambia.

"Nataka laptop. Ile nzuri kuliko zote."

"Ya kazi gani?"

"Ya mke wangu," alijibu, kana kwamba hilo lilitosha.

Akaonyeshwa moja nyembamba kama daftari, rangi ya waridi iliyochanganyika na dhahabu, ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Akaipenda papo hapo. Njia nzima ya kurudi hakuiweka nyuma na mizigo. Aliilaza kwenye kiti cha pembeni, na kila lori lilipoingia shimoni alinyoosha mkono kuishika.

Siku aliyoifikisha nyumbani, Mwamini mwenyewe alipiga vigelegele. Majirani wawili wakaja mlangoni. Binti yao Riziki, mwenye miaka saba, akaomba aguse kwa kidole kimoja tu. Zuhura akafungua boksi taratibu, na kwanza uso wake ukawa wa mtoto siku ya Idi. Akaiwasha. Akaweka vidole kwenye vibonye kuandika, vikatafuta herufi ya A pale inapokaa kwenye mashini za Kifaransa, vikakuta Q. Akatazama pembeni, kwenye kile kibandiko kidogo kinachosema mashini ina nguvu kiasi gani.

Moustapha hakujua kusoma kibandiko. Uso wa mke wake aliujua. Akaona kitu kikizimika machoni, halafu mdomo ukaharakisha kutabasamu.

"Ni muzuri sana. Aksanti, bwana yangu."

"Unaipenda?"

"Ninaipenda."

"Basi sasa haina haja ya kwenda tena kwa muntu," Moustapha akasema.

Zuhura akainua uso. Macho yao yakakutana juu ya ile laptop, na kwa muda mfupi hakuna aliyepepesa. Alikuwa ameelewa. Moustapha naye aliona kwamba ameelewa, akajisikia ameshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha.

Masomo ya maandalizi yakaanza. Moustapha aliporudi safari iliyofuata alimkuta Zuhura amepiga magoti sakafuni, rula mkononi, anachora mistari kwenye karatasi kubwa huku jasho likimtoka puani.

"Mashini iko wapi?"

"Iko mu kabati. Sitaki vumbi iingie."

Jibu lile lilimfurahisha. Aliona mke wake anaitunza zawadi. Akalala usingizi mzito, na kesho yake akaenda barabarani akipiga mluzi.

Aliporudi, Mwamini alikuwa anamngoja kwenye kona ya barabara, kabla hajafika nyumbani.

"Yaya, kuna nini? Mutoto anaumwa?"

"Mutoto iko muzima. Muke yako njo haponi." Akamshika mkono. "Bantu bananiambia. Alionekana tena kwa ule Samy wake. Mara ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikanyamaza. Leo njo ya tatu, na ameenda na ile boksi yako chini ya mukono. Zawadi yako, Moustapha. Anaipelekea mwanaume mwengine."

Hakusubiri amalize. Alitembea haraka, halafu akakimbia, mtu mzima wa miaka thelathini na sita anakimbia mchana kweupe katikati ya mji, na wauza maandazi wakimpisha.

Safari hii aliingia.

Laptop ya waridi ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza, mfuniko wa tumbo umeondolewa, skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Samy alikuwa ameshika bisibisi ndogo. Zuhura alikuwa ameinama karibu naye, anamulika kwa simu.

"Kumbe zawadi yangu munaipasua pamoja," Moustapha akasema.

Zuhura akageuka na simu, mwanga ukaruka ukutani. Samy akaweka bisibisi chini.

"Ya Moustapha, karibu. Kuya ukae," alisema kwa adabu, kama mdogo anayezungumza na kaka yake. Adabu ile ikamuudhi zaidi.

"Sikukuya kukaa. Muke yangu anafanya nini hapa?"

"Nitakuambia mwenyewe," Zuhura akasema. "Lakini ku nyumba."

"Hapa! Ninyi munafichana nini?"

Samy akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Ya Moustapha, hakuna mwenye anaficha. Hii mashini haibebi programu ya université. Nilimuambia madame tubadilishe, aache hii hapa, achukue ya nguvu. Alikataa. Anasema hii alipewa na bwana yake, haitatoka mu mikono yake. Mara tatu anakuya hapa anataka tu nitafute njia ya kuiongezea nguvu."

"Na njia iko wapi?"

"Haiko. Memori yake ilichomelewa ndani, haibadilishwi. Hata leo nimefungua kwa sababu yeye njo alinisukuma, nilimuambia mapema itashindikana."

Mtu mwingine angesikia katika maneno hayo kwamba mke wake amekataa mashini nzuri kwa ajili yake. Moustapha alisikia jambo moja tu: kwamba huyu mwenye viatu vyeupe alijua zawadi yake haifai, na alijua kabla yake.

"Mulinicheka siku ngapi?" akauliza.

"Hakuna mwenye alikucheka," Zuhura akajibu.

"Nilisikia na masikio yangu! Siku ile nilirudi na unga, nilipita hapa. Ulikuwa unacheka naye. Mu nyumba yangu hauchekake vile!"

Zuhura akazima mwanga wa simu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Ulipita hapa?"

"Nilipita."

"Ukaniona. Ukasikia. Ukaenda. Kisha nikafika ku nyumba ukaniuliza nilikuwa wapi, na huku unajua?"

Moustapha akatazama skrubu kwenye kisahani.

"Ulikuwa unanipima," Zuhura akasema. "Miaka tisa nimelala karibu yako, na ulikuwa unanipima kama nitadanganya."

Ingekuwa heri anyamaze. Lakini Samy alikuwa pale, anasikia, na aibu ilimchoma Moustapha kuliko akili ilivyoweza kumtuliza.

"Masomo imeisha," akasema. "Hautaenda. Chukua vitu yako, turudi."

Samy akapiga hatua kurudi nyuma, akageukia rafu. Zuhura hakulia. Alivuta kitambaa chake vizuri kichwani, kama mtu anayejiandaa kuingia kwenye mvua.

"Mwaka wa kwanza ulisema tungoje mutoto azaliwe. Nikangoja. Akazaliwa, ukasema tungoje aache kunyonya. Akaacha. Ukasema tungoje aanze masomo. Ameanza. Sasa tungoje nini, Moustapha? Tungoje Samy afe?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu mbele ya watu. Akampita mlangoni bila bega lake kumgusa, na harufu ya sabuni yake ikabaki pale aliposimama.

Siku ile ile Zuhura akamchukua Riziki, akaenda mtaa wa Shituru kwa baba yake.

Nyumba ikawa kubwa. Mwamini alikuja kupika na kila mara alisema jambo lile lile: "Atarudi. Mwanamuke ataenda wapi?" Moustapha alikula kidogo, akasukuma sahani. Aliwapigia simu, Riziki ndiye aliyepokea, akasema mama anasoma. Siku ya pili, mama anasoma. Siku ya tatu hakupiga.

Jumapili mchana alikaa mezani na ile laptop, ambayo Samy alikuwa ameituma ikiwa na skrubu zake kwenye kikaratasi. Mikono yake ilijua injini. Haikumchukua muda kuifunga. Akaiwasha. Akafungua ukurasa mweupe, akaamua aandike jina la mke wake. Alitafuta Z. Akatafuta U. Kidole kimoja kilizunguka juu ya vibonye kama kuku anayetafuta punje, na jina la herufi sita likamtoa jasho.

Akatazama neno lile. Alijua kwamba mke wake angeandika ukurasa mzima kwa muda ule, kwa vidole kumi, juu ya mambo ambayo yeye hakuyajua hata majina. Shule aliiachia darasa la tano, siku baba yake alipompandisha kwenye lori. Na pale mezani, peke yake, akayaona yanayokuja. Samy alikuwa wa kwanza tu. Baada yake watakuja walimu wenye tai, vijana wa kukaa naye benchi moja, mainjinia wa kiwandani. Kila mmoja atakuwa na "anasema" yake. Je, atawakimbilia wote barabarani?

Akafunga laptop, akavaa shati safi, akapanda pikipiki ya kukodi hadi Shituru.

Mzee Idi, baba mkwe wake, alikuwa dukani, nyuma ya kaunta ya sabuni na mafuta ya kupikia. Akaitikia salamu, akamwonyesha gunia la chumvi akae, halafu akaendelea kuhudumia wateja. Alihudumia mmoja, wa pili, wa tano. Moustapha akakaa juu ya chumvi, boksi mapajani, watu wa mtaa wakimwangalia.

"Ulikuya kununua ao ulikuya kukaa?" mzee akauliza mwishowe.

"Nilikuya kumuchukua bibi yangu, baba."

"Bibi hatuuzishe hapa."

Mteja mmoja akacheka. Moustapha akainamisha kichwa.

"Nilikupa neno langu mbele ya bazee, na nililivunja," akasema, kwa sauti ambayo hata mteja aliisikia. "Njo juu yake nimekuya. Akitaka kurudi, atarudi na masomo yake. Asipotaka kurudi, asome tu. Mashini nitatafuta."

Mzee Idi akapanga vipande vya sabuni ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Iko nyuma, ku kamba ya nguo," akasema.

Zuhura alikuwa anaanika sare ya Riziki. Alimwona, hakuacha kazi. Moustapha akasimama upande wa pili wa kamba, shati jeupe la mtoto likipepea kati yao.

"Samy hana kosa," alianza.

"Najua. Na weye?"

"Minye naogopa."

Mikono ya Zuhura ikatulia juu ya kamba. "Unaogopa nini?"

"Utaanza kusema maneno minye siyajui. Utakuwa unarudi unasema professeur anasema, fulani anasema. Na minye nitakaa pale nikuambie barabara ya Kasumbalesa ilikuwa na vumbi." Akanyoosha mkunjo wa shati kwenye kamba. "Siku moja utaniangalia na utajiuliza ulinipendea nini. Minye mwenyewe sijui."

Zuhura akasogeza shati ili amwone uso mzima. Alikuwa amekonda kidogo kwa siku zile chache, ama Moustapha alikuwa hajamtazama vizuri kwa muda mrefu.

"Unakumbuka siku ulileta mifuko ya unga hapa kwa baba? Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa ku kaunta na kitabu. Madreva bote balikuwa banapita, bananisalimia, banaangalia mwili. Weye uliniuliza: unasoma nini? Nikakuambia kemia. Ukaniuliza, kemia inasema nini juu ya hii mvua? Ulisimama pale maji inakutiririka, unangoja jibu."

"Haukunijibu vizuri."

"Nilishindwa juu ya macho yako." Akatazama chini. "Njo kwa hiyo nilikupenda. Lakini tangu tulioana haukuniuliza tena hata siku moja. Samy aliniuliza nataka kusoma nini, nikafurahi. Njo ile tu. Nilifurahi kuulizwa."

Hilo lilimuuma kuliko yote aliyoyafikiria akiwa amekaa kwenye gunia la chumvi. Halafu, kwa kuwa wivu hauna adabu, akashindwa kujizuia.

"Na ile kucheka? Siku ile mulicheka nini?"

Zuhura akamtazama, na mdomo ukamtetemeka.

"Nilikuwa najaribu kuandika jina yako. Mashini ikaikataa, ikaweka mustari mwekundu chini. Ikaniuliza kama nilitaka kuandika moustache."

"Sharubu?"

"Sharubu, baba Riziki!"

Moustapha akapapasa juu ya mdomo wake, mahali ambapo hakukuwahi kuota kitu cha maana. Zuhura akaanza kucheka, kile kicheko kinachoanza chini, na safari hii hakukuwa na barabara kati yao. Moustapha akashika kamba kwa mikono miwili. Alitaka kumkumbatia, lakini watoto wa jirani walikuwa wanachungulia uani.

"Rudi ku nyumba," akasema kwa upole.

"Nitarudi. Lakini kesho tunaenda kwa Samy, si ku duka ingine. Na weye utaingia."

Moustapha akatazama sare iliyoanikwa. Kulikuwa na maduka mengine matatu ya kompyuta mjini. Alikwisha kuyahesabu njiani.

"Nitaingia," akasema.

Samy aliwapokea kana kwamba hakuna lililotokea, ingawa alihakikisha meza inabaki kati yake na wao. Viatu vilikuwa vyeupe vilevile. Akaleta laptop ya kijivu, nene, kona moja imechubuka, nzito kama tofali. Karibu na ile ya waridi ilionekana kama lori limeegeshwa kando ya gari la harusi.

Moustapha akamgeukia Zuhura, si Samy.

"Hii inafanya nini yenye ile ingine haiwezi? Niambie."

Zuhura akasita, hakuzoea. Kisha akavuta kiti, akafungua programu, akachora tangi la kiwandani, akaligeuza ili aone juu, chini, ndani, mabomba yanapoingilia na yanapotokea. Akaeleza dawa inaingia wapi na shaba inatoka wapi. Maneno mengine hayakuwa na Kiswahili, akayasema kwa Kifaransa, halafu akarudi nyuma kuyafafanua. Moustapha alielewa kama nusu. Akauliza juu ya nusu nyingine. Akaweka sikio kwenye ubavu wa mashini kusikiliza feni, akaweka kiganja chini yake kupima joto, akaomba izimwe na kuwashwa tena mara tatu.

"Inapumua vizuri," akasema. "Tutachukua hii."

Halafu yeye mwenyewe akaichukua ile ya waridi, akaiweka juu ya kaunta.

"Na hii ibaki. Iuzishe."

"Baba Riziki, ile ni zawadi yangu," Zuhura akasema kwa haraka, mkono umeshafika juu yake.

"Nilikununulia ili usikuye hapa," Moustapha akajibu. Masikio yakamwaka kusema hivyo Samy akisikia, lakini alisema. "Zawadi ya vile haifai kukaa mu nyumba."

Vidole vya Zuhura vikakaa kidogo juu ya mfuniko unaong'aa. Vikateleza, vikaja kutulia juu ya mkono wa mume wake, hapo hapo dukani, mbele ya mtu. Samy akageuka kutafuta karatasi ya garanti, akaitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Akarudi nayo na kalamu.

"Niandike jina gani? Madame Moustapha?"

"Andika Zuhura binti Idi," Moustapha akasema. "Njo yeye mwenye mashini."

Samy akaandika. Kalamu ikashuka mstari mmoja, ikasimama. Yeye pia akasimama. Alipouliza, aliuliza akiitazama karatasi.

"Na... namba ya simu? Ni ya kumuita kama programu mupya inafika, ao kama kuna matatizo."

Zuhura alikuwa akimtazama mume wake kwa pembeni, na Moustapha alijua kwamba namba yoyote atakayoitoa, mke wake hatamgombeza. Angeitikia kwa kichwa, angebeba mashini, angeenda zake. Namba yake mwenyewe ilikuwa imeshafika mdomoni, tarakimu ya kwanza iko kwenye ulimi. Akaviangalia vile viatu vyeupe. Wivu ulikuwa pale pale, mzima, haujapungua hata kidogo.

"Andika ya kwake," akasema.

Na kwa kuwa Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake na hakuweza kuzungumza, Moustapha akamtajia Samy ile namba yeye mwenyewe, tarakimu moja moja, polepole, mpaka ya mwisho.